Neno la Mwisho Kwenye Kamusi ya Karanga

Kamusi yangu inaishia herufi U. Niliikuta kwa muuza karanga mmoja pale Kanyenye, akiichana kurasa na kuzikunja kufungia karanga, naye alikuwa ameanzia nyuma. V, W, X, Y na Z zilikuwa zimeshaondoka na wateja. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na nilikuwa nimetumwa sukari. Nilirudi nyumbani na kamusi kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada, nzito kama tofali, pamoja na karanga kidogo alizoniongezea yule bwana kwa huruma. Sukari haikuwapo.

Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaiweka mezani karibu na birika.

"Haya," akasema, "vijiko vingapi vya hii kwa kikombe kimoja?"

Nina duka la fotokopi na uchapaji. Watu wananiletea vyeti, barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja vya Itetemia, hata barua za posa, maana vijana wa siku hizi hawaamini mwandiko wao. Kazi yenyewe inataka umeme, na umeme wetu una tabia zake. Ukikatika, mashine zinanyamaza, wateja wanatawanyika, nami naitoa kamusi chini ya kaunta. Nilianza na A nikaenda mbele kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka zaidi ya ishirini. Majirani zangu walipokuwa wakilalamika kwamba umeme umekatika mara tatu wiki hiyo, mimi nilikuwa nimefika G.

Maneno ya kawaida sikuyahitaji, hayo kila mtu anayo. Nilitafuta yale adimu, ambayo hata wenyewe Waingereza wameyaacha yakae humo ndani bila kazi. Nilinunua kaunta buku yenye jalada gumu, na la kwanza kuliandika lilikuwa *apricity*. Ni joto la jua siku ya baridi. Limetoka kwenye Kilatini, na Waingereza wamelisahau, pengine kwa sababu jua lenyewe hawalioni. Nilirudi nalo nyumbani karibu mbio. Ulikuwa mwezi wa saba, zile asubuhi za Tabora ambazo mtu anatoka nje amejifunika shuka mpaka masikioni. Mke wangu, ambaye anauza asali, alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mgongo ameupa jua, anachuja asali kwa kitambaa. Nikamsomea neno, maana yake na lilikotoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tunaita kuota jua," akasema, "na hatukuwasumbua Walatini. Sogea, umenizibia."

Siku hiyo nikagundua jinsi ya kuyakumbuka. Chini ya neno niliandika: Mfano, mke wangu, nyuma ya nyumba. Kutoka hapo kila neno nililipa mambo matatu, yaani maana kwa Kiswahili, lilikotoka, na mfano wake. Mfano haukuwa sentensi. Ulikuwa mtu ninayemjua. Neno lisilo na mwenyewe lilikuwa linanitoka kichwani kabla umeme haujarudi.

Kwa mfano kuna *gongoozler*. Huyo ni mtu anayesimama kando ya mfereji kutazama mashua zikipita, hana safari wala mzigo, anatazama tu. Asili yake hata kamusi haina uhakika nayo. Sisi hatuna mifereji ya mashua, lakini tuna stesheni, na nina shemeji yangu ambaye treni ya Kigoma ikikaribia anavaa viatu anakwenda kuitazama, halafu anarudi ameridhika. Nikamwandika jina. Kwenye kaunta buku majina yapo yote matatu, la ubatizo, la baba na la babu. Hapa nayaacha, kwa kuwa wenyewe wapo hai na wanajua nyumba yangu.

Kuna *mumpsimus*, neno la mtu aliyesahihishwa akaelewa, lakini akaendelea na kosa lake. Inasemekana lilianzia kwa padri mmoja wa zamani aliyekuwa akikosea neno la Kilatini katika Misa, na alipoambiwa, akajibu kwamba amelisema hivyo miaka mingi na haachi leo. Mfano: dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ambaye mabwana shamba watatu wamemwambia asimwagilie nyanya saa sita mchana. Mpaka leo anamwagilia saa sita.

Na kuna *ultracrepidarian*. Mchoraji wa Ugiriki ya kale aliweka picha yake hadharani, akapita fundi viatu akasema kiatu kimekosewa. Mchoraji akarekebisha. Kesho yake fundi akarudi amevimba kichwa, akaanza kukosoa mguu. Mchoraji akamwambia aishie kwenye kiatu. Neno likatokea humo, la mtu anayetoa hukumu juu ya jambo asilolijua. Hapo sikuhitaji hata kufikiri. Nina baba mdogo aliyefanya kazi karakana ya reli maisha yake yote, na kuhusu reli simpingi. Kuhusu dawa, mvua, siasa za dunia na mapishi, ni yeye.

Mke wangu aliita ile kaunta buku mke mwenza. "Mke mwenza ameamkaje?" ataniuliza asubuhi. Nikichelewa dukani, chakula kimefunikwa na ujumbe nimeachiwa kwa watoto, kwamba mke mwenza anipashie. Hakuwahi kuifungua. Aliifuta vumbi tu, akairudisha juu ya kabati. "Mambo ya mwenzangu siyaingilii," alisema. Mimi nilicheka, na moyoni nilishukuru, kwa sababu humo ndani nilikuwa nimeandika ukoo mzima.

Nilifika mwisho wa U miaka michache iliyopita, wakati wa mvua, umeme umekatika tangu alfajiri. Neno la chini kabisa kwenye ukurasa wa mwisho lilikuwa *uxorious*. Limetoka kwenye Kilatini, *uxor*, yaani mke, na maana yake ni mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi. Waingereza hulitumia kwa kucheka, kama kilema hivi. Nikaliandika, nikaliwekea mfano wake kama kawaida, nikafunga kaunta buku. Sikumwonyesha mtu.

Mwaka jana, kitindamimba wetu, ambaye ni muuguzi Urambo, alikuja dukani akasubiri mpaka mteja wa mwisho aondoke.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kutoa kopi?"

"Kuna watu watakuja na barua," akasema, macho yapo kwenye mashine. "Ni kijana wa Ulyankulu, anafundisha shule ya msingi kulekule Urambo. Baba, naomba ile barua isirudi."

Hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile, hata alipokuwa mdogo. Nilimwambia sawa, halafu nikakaa roho juu, kwa sababu nilichomuahidi hakikuwa mikononi mwangu. Katika ukoo wetu baba mzazi siku ya barua hasemi. Anakaa, anavaa vizuri, anasemewa. Akifungua mdomo inaonekana ana haraka ya kumtoa mwanawe, na aibu hiyo inamfuata binti mpaka kwa wakwe. Na barua ikirudishwa, basi. Hakuna kuandika nyingine. Nina binamu mmoja wa kike ambaye barua yake ilirudi kwa sababu ya maneno mawili tu yaliyokosa heshima. Yule kijana alioa Nzega, na binamu yangu hakuolewa tena. Mwanangu alikijua kisa hicho vizuri, amekulia mikononi mwa shangazi yake huyo.

Walikuja Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba, tumevaa masweta. Mshenga alikuwa katekista mstaafu, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, aliyekaa ukingoni mwa kochi kana kwamba ameliazima. Kwa upande wetu msemaji alikuwa baba mdogo. Msomaji wa barua alikuwa dada yangu. Mke wangu alikuwa anaingia na kutoka na vikombe, na binti alikuwa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, akisubiri aitwe aulizwe kama anamjua mleta barua.

Kabla bahasha haijafunguliwa, baba mdogo aliniinamia sikioni. "Wa Ulyankulu hawa," akasema, na kwa bahati mbaya kunong'ona kwake kunasikika barabarani. "Wamekuja juzi tu kutoka Burundi."

Nilikasirika, nasema wazi. Babu yake baba mdogo mwenyewe alifika mji huu kwa miguu, mzigo wa mtu mwingine kichwani, akiwa na msafara unaokwenda mbele, akachoka, akabaki. Nusu ya Tabora ni watu waliotua mizigo wakasahau kuendelea. Yote hayo niliyasema, lakini kimyakimya, kwa sababu siku hiyo mdomo haukuwa wangu. Mshenga alitazama kofia yake.

Dada akavaa miwani, akasoma. Anasoma barua kama imla, polepole, na kila nukta anasimama ili wanafunzi wafike. Barua ilikuwa nzuri. Imeandikwa kwa mkono, mistari imenyooka, heshima zote zipo, wazazi wametajwa kwa mpangilio. Nilianza kupumua. Halafu akafika karibu na mwisho.

"Ninaahidi mbele yenu wazee wangu," akasoma, "kwamba nitakuwa..." Akasimama. Akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. "U. Kso. Ri. Us. Nitakuwa hivyo kwa binti yenu siku zote za maisha yangu."

Mimi damu ilinipanda masikioni. Kijana yule, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, aliandika neno la mwisho la kamusi yangu kwenye barua iliyoanza na jina langu, akiamini kwamba mwenye jina ndiye atakayeisoma na kumjibu. Hakujua kwamba katika chumba kile mtu mmoja tu ndiye angelifahamu lile neno, na kwamba huyo ndiye pekee aliyekatazwa kusema.

"Ndiyo nini?" dada akamuuliza mshenga.

"Mimi, mama, nilitumwa barua," katekista akasema kwa unyonge. "Sikutumwa maana zake."

Baba mdogo akajikohoza, akaegemea nyuma. Nilijua kinachokuja.

"Neno hilo nalijua," akasema. "Nimefanya kazi na Wazungu pale karakana. Ni neno la mahakamani. Maana yake ni ndoa ya mkataba. Anakaa na mtoto wetu, akichoka anamrudisha, na hakuna wa kumdai."

"Kwa binti yetu, siku zote za maisha yake?" dada akauliza.

"Ndiyo ujanja wenyewe huo. Wanaficha katikati."

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikamtazama dada, nikafumba jicho, nikatikisa kichwa. Baba mdogo akanigeukia. "Mwenye mtoto ana kifua," akasema, "mleteeni maji." Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliniangalia mimi, akaangalia pazia la chumba cha ndani. Nikajua nini kilikuwa nyuma ya pazia lile, mtoto aliyeniomba kitu kimoja, akimsikia babu yake akikimaliza.

"Kwa maoni yangu," baba mdogo akasema, "barua hii irudi."

Mke wangu akatua sinia chini, akaenda ndani. Tulisikia minong'ono. Nilikuwa nimeshaamua kusema, liwalo na liwe, hata nikitengwa na ukoo. Nilishaweka mikono kwenye magoti nisimame, ndipo mke wangu akatokea amepakata kaunta buku. Miaka yote ile hakuwahi kuibeba mbele za watu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa dada, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili.

"Wifi, binti haruhusiwi kusema mpaka aitwe," akasema, "na huyu baba yake ndio unamwona. Mtoto anaomba usome ukurasa wa mwisho."

Ningemshukuru Mungu hapo hapo, kama dada yangu angekuwa mtu wa kuanzia mwisho. Lakini alifundisha watoto kusoma maisha yake yote, na kitabu kwake kinaanzia mwanzo. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akalamba kidole, akafungua wa pili. Mimi nilirudi kwenye kiti. Nilikuwa nahesabu herufi kwa kutazama unene wa kurasa upande wa kushoto. Kwenye G akatabasamu, shemeji wa stesheni huyo. Kwenye M akasimama muda mrefu. Alishusha miwani mpaka puani, akanitazama juu yake kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka saba nimevunja chungu. Nikaangalia dari. Akaendelea. Mwanzoni mwa U akasimama tena, akasoma, akamtupia jicho baba mdogo, akasoma tena. Mdomo wake ulicheza. Kwa nini hakusema lolote pale sijui mpaka leo, ila nadhani niliyoyaandika juu ya baba mdogo yalimpoza machungu ya nyanya zake.

Hatimaye akafika ukurasa wa mwisho. Akauweka sawa mbele ya uso, akasoma kwa sauti ile ile ya imla.

"U-kso-ri-us. Mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi, mpaka watu wanamcheka. Kilatini, uxor, mke. Kamusi inasema kupita kiasi, kiasi chenyewe hawakukiandika." Akavuta pumzi. "Mfano: mimi."

Akafunga kaunta buku.

Sikuweza kumtazama mtu. Nilisikia kikombe kikigongana na sahani yake, na katekista akasema "Amina," nadhani kwa mazoea. Mlangoni, mahali mke wangu aliposimama, hapakuwa na mtu tena. Kutoka jikoni zilianza kusikika sufuria zikipangwa kwa kelele nyingi, na mimi nilijua sufuria zile zilishapangwa tangu asubuhi.

Baba mdogo ndiye aliyetuokoa. "Si ndivyo nilivyosema?" akauliza, akiwatazama watu mmoja mmoja. "Mkataba wa siku zote za maisha. Ndiyo huo. Mwiteni mtoto."

Binti akaitwa. Akaulizwa kama anamjua mleta barua, akasema anamjua. Akaulizwa kama barua ipokelewe, akasema ipokelewe, na dada yangu akapiga kigelegele kirefu, kilichowafanya majirani watoke nje. Walipoaga, katekista alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika kitambo. Baadaye nilimvuta mwanangu pembeni nikamuuliza neno lile kijana alilitoa wapi.

"Kwangu," akasema. "Kaunta buku yako niliisoma yote mvua zilipokuwa zinanyesha, niko likizo, wewe uko dukani. Alipoanza kuniuliza ahadi gani aiandike, nikamwambia sitaki maneno mengi. Nataka lile la baba."

Mke wangu hakunisemesha jambo hilo mchana wala jioni. Alinipa chakula, akaniuliza kama sweta langu limekauka. Mimi nami nikawa muoga, nikajifanya nasoma gazeti la juzi.

Asubuhi yake, kabla ya Misa, nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye kigoda chake, mgongo kwenye jua, anamimina asali kwenye chupa. Nikachukua kigoda kingine nikaketi kando yake, upande usiomzibia. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwenye mifupa.

"Kwa hiyo," akasema bila kugeuka, "mke mwenza alilijua hili miaka yote. Mimi ndiye sikuambiwa."

Hakuwa anatania. Chupa ilikuwa imejaa na bado alikuwa ameishikilia chini ya koki ya ndoo, asali ikimteremka vidoleni. Nilitafuta neno. Nina kaunta buku nzima ya maneno, A mpaka U, na hakuna hata moja lililokuja. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa maneno ya kila siku, yale ambayo mwanamume yeyote wa Tabora anayo na anaweza kumwambia mkewe asubuhi yoyote. Nilichukua muda, kwa sababu nilikuwa na miaka mingi ya kufidia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafunga chupa, akajipangusa vidole.

"Haya," akasema. "Sasa hayo usiende kuyaandika."

Sikuyaandika, na hapa pia siyaandiki.